Boksi Limeniita, Jamani!

Ndugu yangu, hebu weka hicho kikombe cha chai chini unisikilize, maana leo nimetoka supamaketi na mikono bado inanitetemeka kwa raha! Boksi la Corn Flakes limeniita. Limeniita mimi huyu, mwenye macho ya ukungu, ambaye rafu za maduka ya huku Uingereza kwangu ni ukuta mrefu wa rangi zilizochuruzika! Nimeinua simu hivihivi tu, bila kulenga, bila kumshika mtu mkono, mara sauti hiyo: Kellogg's, Corn Flakes, na umbali wake! Nikasogea, ikaniambia nimekaribia. Nikanyoosha mkono, vidole vikagonga boksi lenyewe, gumu, laini, la kwangu! Weee! Nimecheka peke yangu katikati ya duka, watu wafikiri watakavyo.

Kitu chenyewe kinaitwa NaviLens: misimbo iliyochapwa kwenye boksi, na programu ya simu ya kuisoma. Wamekibuni Wahispania, kampuni ya Neosistec ya Murcia pamoja na Chuo Kikuu cha Alicante, na Mungu awape maisha marefu! Utaniambia, mbona misimbo ya QR tunayo siku nyingi? Aaa, usinichekeshe! Ile inamtaka asiyeona aione kwanza. Upapase boksi pande zote, usogeze simu, uirudishe, utulize mkono, na bado kimya. Hii ina vimraba vikubwa vya rangi kali, vinang'aa kwenye weusi, kamera inavidaka kutoka mbali, kutoka ubavuni, huku unatembea zako. Hutafuti, ndugu yangu, wewe ndiye unayetafutwa! Inakuita kama muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake mtaani, nawe unafuata mlio mpaka unafika.

Na bado! Boksi likiwa mkononi, nikasomewa viambato vyote, kimoja kimoja, na vitu vya kuwadhuru wenye aleji, hadi namna ya kulitupa boksi lirejelezwe. Lirejelezwe, jamani! Hata habari za takataka, ambazo hakuna aliyewahi kunisomea, leo nimezisikia, tena nimezirudia kwa makusudi, kwa uroho tu! Fikiria mtu ambaye karanga zinamvimbisha koo, anajisomea mwenyewe, taratibu, kwa siri yake, bila kumbembeleza mpita njia mwenye haraka. Utamu ulioje!

Kellogg's walianza kuijaribu hapahapa Uingereza mwaka 2020 kwenye Coco Pops, wakishirikiana na RNIB, ile taasisi ya wasioona. Na Barcelona ndiyo usiseme: misimbo hiyohiyo ipo kwenye stesheni za metro, ipo kwenye vituo vya basi, simu inakuongoza kwenye kituo na kukwambia basi lako linakuja lini! Mimi moyo umeshapanda ndege, mwili ndio umebaki unatafuta nauli.

Lakini lililonirusha kitini kabisa, kabisa, ni hili: unaweza kuchapisha misimbo yako mwenyewe, ukabandika nyumbani, ukaandika maelezo unayotaka wewe. Kwa Kiswahili changu! Mdalasini uitwe mdalasini, binzari iitwe binzari, na lile kopo la pilipili manga ambalo hufanana kabisa na la iliki lipate onyo lake kali, la kimama, la kumzuia mtu asiharibu chai ya wageni!

Basi unangoja nini? Programu ni bure, pakua, tafuta printa ya rangi, njoo tubandike pamoja. Jikoni hapa panavuma tayari: nikiinua simu, makopo yanajitaja, chumvi inadakia, sukari inaitikia, kila kimoja kinataka kusikika. Na bado! Kabati la dawa sijaligusa.