Adapta Ipi? Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Vifaa vya Kompyuta

Mabishano kama mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi yamechukua nafasi kubwa kupita faida yake. Mtumiaji hakwami kwenye jina la mashine nzima, maana mashine anaiona mbele yake. Hukwama kwenye majina ya vitu vidogo vinavyochomekwa, vinavyopachikwa na vinavyofanya kazi bila kuonekana. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na hasa tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, istilahi za fani hii zimeongezeka sana. Hapa tutazipima chache kwa kazi moja tu: kuunganisha wenzo wa michezo wa zamani na kompyuta mpya.

Msomaji asidhani kwamba tumechagua jambo la mchezo kwa mchezo. Vifaa vinavyofika katika shule za vijijini mara nyingi ni vya vizazi mbalimbali, na mwalimu hulazimika kuvipatanisha. Mwalimu wa kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, akinunua kitu kisichofaa kwa sababu neno limempotosha, amepoteza fedha pamoja na nauli ya Songea. Istilahi mbovu ina gharama.

Tuanze na jina la kifaa chenyewe. Neno linalomjia mtafsiri upesi ni usukani. Lakini usukani huzungushwa, nao huelekeza chombo upande huu au ule; baharia yeyote aliyewahi kutia nanga Mbamba Bay anajua hivyo. Kifaa hiki huinamishwa mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kiswahili kina neno wenzo, ambalo kwa bahati mbaya limebaki katika vitabu vya fizikia, huku wingi wake, nyenzo, ukichukuliwa na maana ya rasilimali. Eskaveta pia huongozwa kwa nyenzo za namna hii. Huko Ngaka, katika kata hiyohiyo ya Ruanda, mkaa wa mawe ulianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011. Basi neno moja lingewafaa mwendesha mtambo na mwanafunzi.

Pili ni mahali pa kuchomeka. Wapo wanaoandika bandari. Hiyo ni tafsiri ya neno, si tafsiri ya dhana. Kwa mkazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, bandari ni mahali pa meli na mizigo. Tundu latosha, mradi lipewe sifa yake: tundu la pini 15, lililoletwa na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na tundu la USB, lililotangazwa mwaka 1996.

Tatu ni kiendeshi. Neno hili limebebeshwa mizigo miwili: kifaa kinachozungusha au kusoma diski, na programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa fulani. Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, iliacha kulihudumia tundu la pini 15. Mwongozo ukisema tu kwamba "kiendeshi hakipo", msomaji atafute diski au programu? Kiendeshi kibaki kwa diski. Ile nyingine iitwe programu ya kifaa, hata kama jina ni refu.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno adapta. Mitaani adapta ni kifaa cha umeme cha kompyuta ya mkononi. Ni pia kipande kinachowezesha pini za umbo moja kuingia katika tundu la umbo jingine. Tena ni kifaa chenye akili ndani yake. Tofauti ya hivi viwili vya mwisho ndiyo inayoamua kama wenzo utafanya kazi.

Ndani ya wenzo wa zamani mna vipande viwili ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri unavyouinamisha, kuanzia karibu sifuri hadi kama omu 100,000. Wenzo wenyewe hausemi lolote. Kompyuta ya zamani ndiyo iliyopima muda ambao kapasita huchukua kujaa umeme, na kwa muda huo ikajua wenzo umeelekea wapi. Tundu la USB halifanyi kipimo hicho. Linataka kifaa kijitambulishe, kisha kilete tarakimu. Kwa hiyo, kubadili umbo la pini peke yake ni sawa na kumketisha bubu kwenye simu. Lazima pawe na kifaa katikati ambacho hupima ukinzani, hukigeuza kipimo kuwa tarakimu, na huzungumza kwa utaratibu wa USB.

Watu wa duka watasema zote ni adapta, na bei zitatofautiana bila mnunuzi kujua sababu. Lugha isiyotofautisha vitu hivi imemwacha mnunuzi mikononi mwa muuzaji.

Baada ya hapo hubaki kusawazisha: kuiarifu kompyuta katikati ya wenzo ni wapi na mipaka yake ni ipi. Mkulima wa kahawa wa Umatengo hahitaji maelezo marefu. Anajua kwamba mizani isiyorudi kwenye sifuri humwibia.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. wenzo wa michezo, badala ya usukani;
2. tundu, pamoja na sifa yake, badala ya bandari;
3. programu ya kifaa, ili kiendeshi kibaki na maana moja;
4. kiungio, kwa kinachobadili umbo la pini tu;
5. kigeuzaishara, kwa kinachopima na kutafsiri, kwa kufuata mfano wa kipazasauti na kipimajoto.

Adapta ibaki kwa umeme, kwa kuwa imekwisha kuzoeleka huko. Huenda kigeuzaishara kikaonekana kizito mdomoni; hata kipazasauti kilikuwa neno geni wakati wake. Wafasiri na walimu walijaribu neno hili katika miongozo na madarasa yao, na wenye jina bora walilete lijadiliwe, mradi lisiunganishe tena vitu viwili ambavyo mtumiaji hana budi kuvitenganisha.