Mchoro wa Mfalme Prempeh

Umepata kuuona, ewe msomaji, mchoro wa Mfalme Prempeh wa Waashanti akijisalimisha? Tukio hilo lilichorwa kwa ajili ya magazeti ya picha ya London mwaka 1896, siku ambazo Waingereza waliokaa kwao walizijua safari za majeshi yao kwa mkono wa wachoraji. Vitabu vya historia vimeurudia mara nyingi, nawe waweza kuupita upesi ukidhani umekwisha kuuelewa. Nakusihi usiupite.

Maofisa wa Kiingereza wameketi juu. Miguuni pao wameinama watu wawili: mfalme, na Yaa Akyaa, mama yake. Askari wamejipanga kuwazunguka. Mchoraji ana mkono hodari. Amepanga kila kitu ili jicho lako lishuke kutoka kwa wale walioketi hata likome kwenye migongo ya wale walioinama. Ukisha kufika hapo, huna pa kwenda tena. Hiyo ndiyo nguvu ya mchoro huu, na hapo ndipo ninapoanza kuushuku.

Kwanza, tazama wamekalia nini. Siku ile, tarehe 20 Januari, 1896, mjini Kumasi, Gavana Maxwell na wenzake waliketi juu ya makasha ya biskuti, posho ya askari. Kiti cha enzi cha saa moja! Mchoro wataka tuone utukufu, lakini mbao za makasha zakataa. Mimi napenda sana mahali kama hapa, ambapo kitu kidogo katika picha chasema zaidi ya alivyokusudia mwenye kuichora.

Pili, mchoro wasema kwamba huyu ni mfalme aliyeshindwa. Je, alishindwa katika vita gani? Jeshi liliingia Kumasi bila ya kupigana, kwa kuwa Prempeh aliwakataza watu wake wasipigane. Alikubali kuinama kwa kutumaini kwamba akifanya hivyo atauhifadhi ufalme wake. Mara baada ya kuinama alidaiwa wakia 50,000 za dhahabu, na aliposhindwa kuzitoa zote papo hapo, alikamatwa pamoja na mama yake na wakubwa wengine. Saa hiyo ya hila ndiyo iliyostahili kuchorwa. Mchoraji alichagua saa iliyotangulia, nasi twaona unyenyekevu tu, hatuoni ahadi iliyovunjwa.

Safari ya uhamishoni ilianza hapo: kwanza ngome ya Elmina, kisha Sierra Leone, na mwaka 1900 visiwa vya Shelisheli, katika bahari yetu hii ya Hindi. Huko walihamishiwa pia Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Yaa Akyaa alifariki huko mwaka 1917. Prempeh alirudi Kumasi mwaka 1924, akiwa mtu mzima. (Mmoja wa maofisa waliokuwa katika safari ile ya 1896, Baden-Powell, mwenyewe mchoraji, amezikwa Nyeri, huenda umepita karibu na kaburi lake.)

Lakini kosa kubwa la mchoro ni jambo lisilomo. Utatafuta kila pembe usikione Kigoda cha Dhahabu, ambacho Waashanti huamini kuwa roho ya taifa lao imo ndani yake, na ambacho hata mfalme hakikalii. Waashanti walikuwa wamekificha. Mchoraji hangeweza kuchora asichokiona, na kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa kupanga karatasi yake kana kwamba hapakosekani kitu. Mwaka 1900 Gavana Hodgson alifika Kumasi akataka aletewe kigoda hicho akikalie. Waashanti wakashika silaha, wakiongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa, mama mkuu wa Ejisu. Walishindwa, naye akapelekwa Shelisheli, lakini kigoda Hodgson hakukipata.

Sasa urudie mchoro, ukawatazame wale walioketi juu ya makasha.