Kufundisha sehemu kwa chapati, slesi na trei ya mayai

Chakula husaidia kufundisha sehemu pale kinapochaguliwa kulingana na sehemu inayofundishwa. Chapati hufaa nusu na robo. Ikiwa bado laini, hukunjwa katikati, ukingo juu ya ukingo, kisha hukatwa kwenye mkunjo. Kila nusu ikikunjwa tena hutoa robo, na robo ikikunjwa hutoa thumuni, yaani 1/8. Iliyokauka hupasuka popote, na somo huishia hapo. Vipande huwekwa kimoja juu ya kingine kabla ya kutajwa jina lolote: visipolingana si robo, hata vikiwa vinne. Hapo watoto hawahitaji kushawishiwa, maana mgao wa upendeleo huwauma kuliko kosa lolote la hesabu.

Theluthi ndiyo huiumbua chapati. Mtoto aliyepewa kisu cha plastiki hukata mistari miwili sambamba, akadhani amemaliza. Hata akikigawa kipenyo mara tatu sawasawa, kipande cha kati hubeba takriban asilimia 42 ya chapati, na vya pembeni asilimia 29 kila kimoja. Duara hugawanywa theluthi kwa kukata kuanzia katikati, kazi ngumu kwa mkono wa mtoto wa miaka minane. Slesi ya mkate, kwa kuwa inakaribia mstatili, huondoa shida hiyo: mistari ileile miwili hutoa vipande vitatu sawa.

Kosa sugu zaidi ni kuamini kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4, kwa kuwa 8 inazidi 4. Maelezo ya mdomo hayalitibu. Chapati mbili, moja ikigawiwa wanne na nyingine wanane, huonesha kuwa walaji wakiongezeka kipande hupungua. Lazima ziwe za ukubwa mmoja, kwani robo ya chapati kubwa inaweza kuizidi nusu ya chapati ndogo.

Sehemu ya kundi huhitaji chakula cha kuhesabika, na trei ya mayai 30 ni hazina. Ina safu 5 za mayai 6. Ikigeuzwa, ni safu 6 za mayai 5. Basi 1/5 ni mayai 6, na 1/6 ni mayai 5. Madarasa ya juu huitumia kujumlisha: 1/2 ni mayai 15, 1/3 ni 10, jumla 25, yaani 5/6. Anayejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili hupata 2/5, mayai 12, pungufu ya nusu aliyoanza nayo. Kosa hujifichua lenyewe.

Alama huja mwisho. Mpangilio wa kitu, picha, kisha alama unafuata hatua alizoeleza mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner katika miaka ya 1960. Kwa hiyo vipande huchorwa daftarini kabla ya kuliwa, na asili na kiasi huandikwa pembeni ya mchoro. Robo ya kwanza ikishaliwa, darasa huandika 3/4 iliyobaki.