Ampli ndogo, tarumbeta kubwa: kusikiliza tena Konono N°1

Wandugu, kwenye matanga na harusi za Tunda mabishano ni yaleyale: ampli ya nani iko na wati mingi? Watu wanasoma namba ya mgongoni, 1000, 2000, kisha wanatikisa kichwa kwa heshima. Bafle hakuna anayeiuliza kitu. Njo maana nataka turudi kwenye diski moja ya Congo yetu, Congotronics ya Konono N°1, iliyotoka 2004 kwa Crammed Discs ya Ubelgiji. Ile diski imesifiwa sana. Kwangu mimi, imesifiwa kwa sababu isiyo yenyewe.

Tukumbushane kidogo. Marehemu Mingiedi Mawangu, mpiga likembe wa kabila la Bazombo, alianzisha kundi hili Kinshasa miaka ya 1960. Likembe ni kitu cha sauti ndogo: vyuma vyembamba juu ya sanduku la mbao, vinachezwa kwa vidole gumba. Katika kelele ya Kinshasa hata jirani wa ng'ambo ya barabara hasikii. Basi wakatengeneza mikro zao wenyewe kwa mbao na sumaku za vyuma vya magari mabovu, na sauti wakaitoa kupitia matarumbeta ya chuma, aina ile ya kutangazia watu tangu siku za wakoloni.

Wahakiki wa Ulaya walisikia sauti ikikwaruza, wakaifananisha na roki na muziki wa mashine wa kwao. Sikatai, kukwaruza kuko, na ni tamu. Lakini anayeishia hapo amesifu jasho, kazi hakuiona. Mimi ninachosikia ni ndoa: chombo, mikro, ampli na tarumbeta vimechaguliwa vikaoana. Tarumbeta la chuma halijui besi ya chini sana, ila sauti ya kati na ya juu, pale likembe inapokaa, linairusha mbali. Na linairusha kwa nguvu kidogo sana.

Hapa tupige hesabu, tusiogope. Bafle hupimwa kwa swali moja: nikikupa wati 1, mtu aliye mita 1 atasikia desibeli ngapi? Bafle ndogo ya sebuleni hutoa kama 87. Tarumbeta zuri la kutangazia linaweza kutoa 107. Tofauti ni desibeli 20, na kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Maana yake, wati 1 katika lile tarumbeta ni sawa na wati 100 katika ile bafle ya sebuleni. Sasa yule aliyenunua ampli ya 1000 na bafle nzito ya uvivu, amemzidi nani?

Zamani watu walilijua hili juu ya shida. Sinema za kwanza zenye sauti, mwisho wa miaka ya 1920, zilikuwa na ampli za lampu zenye wati chache tu. Western Electric walijaza ukumbi mzima kwa matarumbeta makubwa. Lampu yao maarufu, 300B ya 1938, ikifanya kazi peke yake hutoa karibu wati 8. Ukiziunga na bafle ya desibeli 100, unapata 109 kwa mita 1. Uwanjani, kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza 6. Kwa mita 32 bado uko na 79, na hiyo inapita sauti ya mtu anayezungumza karibu yako. Kwa wati 8!

Ndiyo maana wapenzi wa muziki duniani mpaka leo wanaoanisha ampli ndogo za lampu na bafle za tarumbeta. Kuchagua kwenyewe kuna masharti matatu. Kwanza, wati ya kwanza iwe safi, juu ya bafle kali inafichua kila mvumo wa ampli, hata ule ambao bafle ya uvivu ingeuficha. Pili, transfoma ya kutokea iwe na tundu linalolingana na omu za bafle: 4, 8 au 16. Usiwashe ampli ya lampu bila bafle, unaweza kuua transfoma. Tatu, ampli nyingi za aina hii hazishiki besi kwa nguvu, basi usiipe bafle inayohitaji kushikwa.

Lakini hapa sikubaliani na wale ndugu zetu wa kundi wanaosema tutafute ampli ya lampu kwa ajili ya sala ya mikutano yetu. Lampu inakula moto wakati wote, hata kama hakuna anayesema. Ampli ya 300B ya pande mbili, wati 8 kila upande, inaweza kuvuta karibu wati 100 usiku kucha. Sisi wenye pano za sola na jenereta ya kuhesabia lita, hiyo ni anasa. Tena ndani kuna mamia ya volti, na umeme unaweza kubaki humo hata ukichomoa waya. Fundi wa kujaribu-jaribu asiguse. Ampli ndogo ya kisasa ya volti 12 itafanya kazi ileile juu ya batri ya gari.

Kwa hiyo tuchukue somo la lampu, lampu yenyewe tuwaachie wenye umeme: anza na bafle, ampli itafuata. Haya njo niliyoyasikia katika Congotronics. Ile diski si wimbo wa kusifu umaskini, wala bahati ya vyuma vibovu. Ni watu walioanza na sauti ndogo ya wazee wao, wakauliza inahitaji nini ili isikike.

Na sisi tunafanya kinyume. Matanga ya juzi mzee mmoja alisimama kusimulia ukoo wa marehemu, mkono mmoja mikro, mwingine fimbo. Besi ilikuwa inatetemesha viti. Jina la babu wa marehemu hakuna aliyelishika, hata mimi niliyekaa safu ya tatu. Wati zilikuwa mingi kabisa siku ile. Neno moja la mzee halikufika.

Mchango wa kununua vyombo umeshaanza. Kabla hatujatoa franga, mtu mmoja aende dukani Kindu, na asiulize wati. Aulize desibeli.