Tukiketi Kwenye Kiti cha Majivuno

Wengi wetu tulikisoma Kusadikika tukiwa shuleni, kwa ajili ya mtihani. Tukikisoma tena tukiwa watu wazima katika Kanisa, kitabu hiki cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, kinatuuliza jambo ambalo mtihani haukuuliza: tunamtendea nini mtu anayetupinga?

Habari yenyewe si ndefu. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria nchini. Karama haombi huruma. Anaeleza mbele ya mfalme habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, kisha wakatupwa gerezani. Mwishoni Karama anaachiliwa, na waliofungwa wanafunguliwa.

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni kwamba karibu chote ni mtu anayesema na watu wanaosikiliza. Ufasaha wa Karama peke yake usingemwokoa. Ilihitajika baraza likae, na mfalme avumilie kusikia mambo yasiyoisifu serikali yake. Mithali 18:13 inatuonya vivyo hivyo, kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu.

Lakini kuna mahali kitabu kinaturahisishia mno. Aliyepewa jina la Majivuno amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Msomaji hapati taabu ya kujiuliza kama huenda naye ana hoja. Katika maisha hakuna anayeingia mkutanoni na tabia yake imeandikwa kwenye paji la uso. Tena kila mmoja wetu, akisoma, hujiona Karama.

Tuseme kweli, hasa sisi wachungaji. Msharika akisimama katika mkutano wa usharika na kuuliza kwa nini fedha za ujenzi zimetumika kabla baraza la wazee halijakubali, ni mara ngapi tumelijibu swali lake? Mara nyingi tumemjibu yeye: ana roho ya uasi, anavuruga amani, tumwombee. Kumwombea mtu ili anyamaze si maombi. Siku hiyo Majivuno ameketi meza kuu, na amevaa kola.

Biblia haikuturahisishia hivyo. Katika Wagalatia 2, Paulo anampinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, kwa kuwa alijitenga na waamini wa mataifa wakati wa chakula. Wote wawili ni mitume, na mmoja amekosea. Katika Matendo 15, Paulo na Barnaba wanashindana juu ya Marko hata wanaachana. Luka hakulificha jambo hilo ili kulinda heshima ya Kanisa. Na katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo anaagiza Marko yule yule aletwe, kwa maana anamfaa kwa huduma.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaieleza amri ya nane kwamba tumtetee jirani yetu na kuyachukua mambo yake kwa maana iliyo njema. Vijana wa kipaimara hulikariri fundisho hili. Sisi wakubwa hulisahau. Halituzuii kupinga. Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi kabla ya kumjibu mtu, tuieleze hoja yake mpaka mwenyewe akiri, "Naam, hivyo ndivyo nilivyosema."

Hilo ni gumu kwa sababu tunaogopa kushindwa mbele za watu. Lakini sisi tunahubiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Aliyekwisha kupewa haki hiyo na Mungu anaweza kusema "nimekosea" mkutanoni asipungukiwe kitu.

Tukisome basi Kusadikika mara nyingine, safari hii tukiketi kwenye kiti cha Majivuno. Kisha turudi kwa yule msharika. Swali lake la fedha za ujenzi bado linangoja jibu.