Kitambaa Kilichonunua Kisiwa: Uhakiki wa Habari za Kilwa

Habari za Kilwa ni kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, baada ya Wareno kuivamia pwani yetu. Nakala yake iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 imehifadhiwa London, na toleo jingine liliingizwa na Mreno João de Barros katika historia aliyoichapisha mwaka 1552. Kwa kuwa ni miongoni mwa maandishi ya kale ya historia yaliyotungwa na watu wa pwani wenyewe, makada hukitaja kwa fahari kila anapotokea mtu wa kudai kwamba Mwafrika hakuwa na historia kabla ya mkoloni. Sisi pia tulikitaja hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku tulipokisimulia Zagayu.

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Darasa lilikuwa chini ya mti, karibu na ghala la chama cha msingi, na somo lilikuwa chanzo cha biashara ya dunia. Tukasimulia kisa mashuhuri cha mwanzo wa kitabu: Ali bin Hasan alifika kwa jahazi kutoka Shirazi, akamkuta mtawala mwenyeji, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka chote. Yule mtawala akavuka kwenda bara na kitambaa chake. Wageni, wakihofu kwamba atarudi kuwapokonya mali, wakauchimba mkondo wa maji uliokuwa ukivukwa kwa miguu wakati wa maji kupwa, na Kilwa ikawa kisiwa moja kwa moja. Darasa lilicheka. Ndipo mzee mmoja mkulima akauliza: "Ndugu Mkufunzi, wale waliokuwa wakikaa humo kisiwani, kila mmoja alipata dhiraa ngapi?"

Hatukuwa na jibu, na kitabu hakina jibu. Tangu siku hiyo tumekisoma upya, na uhakiki huu umetokana na swali hilo.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba kitabu kinawajua watawala tu. Kinaorodhesha masultani, nani alimrithi nani, nani alipinduliwa, nani alijenga msikiti. Dhahabu ya Sofala inatajwa kama mali ya kutawaliwa: aliyeishika Sofala ameushika utajiri. Lakini dhahabu haikuzaliwa Sofala. Ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, na watu walioingia katika mashimo membamba na kuosha mchanga mitoni, kisha ikachukuliwa safari ndefu hadi baharini. Katika Habari za Kilwa wachimbaji hao hawamo. Kadhalika wapagazi, mabaharia, na waashi waliochonga matumbawe ya Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, hawamo. Hatumlaumu mwandishi kwa kutokuwa na nadharia ya matabaka. Tunasema tu kwamba aliandika akiwa ameketi upande wa wenye ushuru, na msomaji asiyelitambua hilo naye ataketi huko huko bila kujua.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu Sultani kwa ukarimu wake kwa wageni na masharifu. Katika maelezo hayo hayo anaeleza kwamba Sultani huyo alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kurudi na ngawira. Wengi wetu tumekuwa tukiwasomea wanafunzi ukarimu na kuziruka ngawira.

Hapa lazima tujikosoe. Somo letu la biashara ya dunia, kwa kawaida, huanza na merikebu za Vasco da Gama mwaka 1498. Kabla ya hapo tunaonyesha pwani ya amani, baada ya hapo tunaonyesha beberu na wahanga wake. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na humo hakuwaficha watawala wa Kiafrika walioshirikiana na wanunuzi wa watu. Sisi tuliomfundisha Rodney kwa muhtasari ndio tulioiacha nusu hiyo ubaoni. Wapo ndugu wanaosema kwamba kuwataja wanyonyaji wa nyumbani kunampunguzia beberu hatia. Hatukubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wenyewe unaonyesha kinyume chake.

Tuchukue mambo ya mwaka 1502 hadi 1506. Mwaka 1502 da Gama alifika Kilwa na mizinga, akamlazimisha mtawala kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, watu wake wakapora nyumba, na mtawala, Amiri Ibrahim, akakimbia. Je, Almeida alimweka nani badala yake? Hakumweka Mreno. Alimweka Mohamed Ankoni, tajiri wa mji huo huo. Beberu alikuta tabaka lililokwisha zoea kuishi kwa kukaa mlangoni pa bidhaa za wengine, akabadilisha mlinda mlango tu. Dhahabu ya kodi ya kwanza ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikafuliwa kuwa chombo cha ibada cha mfalme, Custódia de Belém, ambacho hadi leo kimo katika jumba la makumbusho la mji huo. Maelezo yake humtaja mfalme wa Ureno, da Gama, sonara Gil Vicente na mtawala wa Kilwa. Mchimbaji, kama ilivyo katika Habari za Kilwa, hayumo. Waandishi wawili waliokuwa maadui wamekubaliana juu ya nani wa kumsahau.

Sasa turudi kwenye kitambaa. Taarifa ya safari ya Almeida ya mwaka 1505 inasema kwamba Kilwa palikuwa na pamba nyingi, tena nzuri. Na wachimbuzi wa mambo ya kale walioongozwa na Neville Chittick walifukua huko vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi. Kwa hiyo watu wa Kilwa walilima pamba na walisokota. Hata hivyo kitambaa chenye thamani, kilichobadilishwa na dhahabu, kilitoka Cambay nchini India. Wareno wenyewe, walipojenga ngome Sofala mwaka 1505, waligundua kwamba wenye dhahabu hawazitaki bidhaa zao za Ulaya, wakalazimika kutafuta nguo za Kihindi na shanga. (Hili lisomwe kwa sauti kwa kila anayefundisha kwamba Mzungu ndiye aliyetuletea biashara.)

Kwa nini basi nguo ya Cambay iishinde nguo ya nyumbani? Wahindi walikuwa mafundi hodari, hilo tunalikubali. Lakini sababu moja kubwa, kwa maoni yetu, ni ya kisiasa. Uzi uliosokotwa nyumbani haupiti bandarini. Nguo ya ng'ambo hupita bandarini, na bandarini pana ushuru, na barua ya Diogo de Alcáçova ya mwaka 1506 inaeleza jinsi ushuru wa Kilwa ulivyokuwa mzito. Tabaka linaloishi kwa ushuru halina haraka ya kukuza ufundi lisiloweza kuutoza. Asili ya tabaka hilo, kama ni Shirazi au ni hapa, ni ubishi mwingine. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliozikwa katika miji kadhaa ya pwani walikuwa na mchanganyiko wa asili ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, upande wa akina baba. Damu ya mtoza ushuru haipunguzi ushuru wake.

Tabaka hilo lilifika wapi? Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa Morice, aliyetafuta watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi: watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kila mmoja, na piasta 2 juu yake ziwe zawadi ya Sultani. Dhahabu ya Sofala ilikuwa imekwisha mponyoka zamani. Bidhaa ilibadilika; mahali pa kukaa, mlangoni, hapakubadilika.

Yote haya tuliyarudisha Zagayu msimu uliofuata, safari hii bila kuanza na merikebu. Tuliweka mezani michembe, gunzi la hindi, karanga na tumba la pamba. Viazi vitamu, mahindi na karanga asili yake ni Amerika. Viliivuka Atlantiki katika biashara ile ile iliyovusha watumwa kwenda upande wa pili. Na pamba inayolimwa Usukumani leo, kinyume na ile ya Kilwa ya mwaka 1505, asili yake nayo ni Amerika. Kwa hiyo Zagayu haikuwa nje ya historia hiyo ikisubiri kuelezwa na watu wa pwani. Wasukuma walikuwa na biashara zao, wakifuata chumvi Ziwa Eyasi na kununua majembe ya Warongo. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipojenga ushirika wao miaka ya 1950, walianza kwa kupigania mizani ya mnunuzi. Hawakungoja mtu awafundishe ni wapi anapokaa mlinda mlango.

Mzee yule alikuwepo. Alilichukua lile tumba la pamba, akalitazama, kisha akaitazama shati yake ya mtumba iliyoandikwa jina la mji wa ng'ambo. Akauliza kama pamba nyuzi inayotoka wilayani mwao ikisafirishwa nje bila kufumwa ina tofauti gani na ile ya Kilwa, na kwa leo anayekaa mlangoni ni nani. Mjadala uliendelea hadi jua likazama, na baadhi ya majina yaliyotajwa yalikuwa ya watu tunaokutana nao vikaoni.