Mama Naye Apewe Zamu ya Kusema

Tuanze na chakula. Waverly, binti wa Kichina aliyezaliwa Marekani, amempeleka mchumba wake Mzungu kula kwa mama. Mama kapika kile chakula anachojivunia kuliko vyote. Anaonja, anakunja uso, anasema leo chumvi haikukolea, ladha hamna. Kwa mama huyo, hapo ndipo amekaribisha: mgeni unatakiwa uonje, kisha usifie mpaka basi. Mchumba, maskini, anayachukua maneno kama yalivyo. Anavuta sosi ya soya na kuimimina juu ya chakula chote. Kasheshe!

Kisa hiki kimo katika The Joy Luck Club, riwaya ya kwanza ya Amy Tan, iliyotoka mwaka 1989. Kwa Kiswahili tungeiita Klabu ya Furaha na Bahati. Ni kina mama wanne waliohamia San Francisco kutoka China, wanaokutana kucheza mahjong, ule mchezo wao wa vigae, na mabinti zao wanne waliokulia Marekani. Wengi wanaijua filamu yake ya mwaka 1993. Mimi nimekisoma kitabu chenyewe, kamusi ikiwa pembeni, na kwa kweli kimeninyima usingizi.

Kwa mtindo tuliozoea darasani, hapa ningeandika: "Dhamira kuu: mgongano wa mila na usasa." Mifano mitatu, hitimisho, alama zangu hizo. Nimeishia kidato cha nne, na hivyo ndivyo nilivyojua kuhakiki. Lakini kitabu hiki kimenikatalia. Ukisema mama ni mila na binti ni usasa, umeshamnyima mama nafasi ya kuwa mtu.

Angalia Tan alivyokijenga. Hadithi ziko 16 katika sehemu nne. Sehemu mbili za katikati ni za mabinti. Ya kwanza na ya mwisho ni za kina mama, wanasema wenyewe. Mmoja wao, Suyuan, ameshakufa kitabu kinapoanza, basi binti yake June anakaa kwenye kiti chake mezani na kusimulia kwa niaba yake.

Sasa mtazame yule mama wa chakula, Lindo Jong. Machoni pa Waverly ni kero tupu. Binti akiwa bingwa mdogo wa sataranji, mama anatembea naye sokoni akimtangaza kwa kila mtu, mpaka mtoto anamfokea hadharani: kama unataka sifa, jifunze kucheza mwenyewe! Lakini sisi wasomaji tumeshakaa na Lindo katika sehemu ya kwanza. Tunajua alichumbiwa akiwa na miaka miwili, akaozwa akiwa na miaka 16 kwa mume mwenye akili za kitoto. Hakutoroka. Alitunga ndoto, akasingizia kwamba mababu wa ukoo ule wamekasirika, mpaka wakwe wenyewe wakaona heri ndoa ivunjwe, wakampa fedha aondoke. Binti anamwambia ajifunze kucheza, kumbe mama alishacheza zamani, na dau lilikuwa maisha yake. Ndiyo maana maneno yale ya sokoni yanachoma.

Kingine ni lugha. Mabinti wanawasikia mama zao kwa Kiingereza cha kuungaunga, nasi tunacheka pamoja nao. Zamu ya mama ikifika, lugha inanyooka na kujaa. Lena, binti mwingine, ndiye mkalimani kati ya mama yake Mchina na baba yake Mmarekani. Mama amejifungua mtoto akafa, yuko hospitali anajilaumu na kuweweseka. Baba anauliza, anasemaje? Mtoto anaogopa, anampa maneno mengine ya kutuliza tu. Baba hajui mkewe amesema nini. Ukurasa ule nilifunga kitabu kidogo.

Nilifunga kwa sababu ya mama yangu. Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kisukuma. Wageni wakija nilikuwa nawahi kujibu mimi, ati asiniaibishe. Lakini akikaa na shangazi wakaongea Kisukuma, shangazi hucheka hadi machozi yanamtoka, na mimi nashika nusu tu. Miaka yote nimemjua mama kwa ile lugha inayomchenga.

Sisemi kitabu hakina kasoro. Sauti za wasimulizi zinafanana mno. Mara kadhaa nilirudi kwenye yaliyomo kuangalia huyu ni binti wa nani. Wanaume wengi ni vivuli tu. Mwaka 1991 mwandishi Frank Chin, naye Mmarekani mwenye asili ya Kichina, alimshambulia Tan kwamba anaipotosha China ili kuwafurahisha wasomaji weupe. Shutuma hiyo naiona kali kupita kiasi, ila kuna ukweli wa kuchukua: humu China ni nchi ya machozi karibu kila ukurasa, kana kwamba kule watu hawajawahi kucheka.

Hata hivyo kuna jambo moja silisahau. Kina mama wanamwambia June aende China akawasimulie dada zake pacha, walioachwa wachanga wakati wa vita, mama yao alikuwa mtu gani. June anajibu: nitawaambia nini, mimi sijui. Wale kina mama wanashtuka, maana kila mmoja anamwona binti yake mwenyewe katika jibu hilo.

Nina mswada kabatini, sura 11, kuhusu binti wa mjini na mama aliyetoka kijijini. Juzi niliupitia nikiwa na kalamu nyekundu. Mama yule anasema katika kila sura, na kila akisema anakataza. Hana utoto, hana mzaha. Nilidhani nimeandika mgogoro, kumbe nimeandika mlango uliofungwa.

Nimeanza sura ya 12. Ni yake. Jioni nakaa na mama, namwomba asimulie kwa Kisukuma, pole pole, na nisipoelewa nauliza. Jana alinicheka matamshi yangu. Wenzangu mnaoandika, hebu fungueni na nyie miswada yenu, mhesabu mama kasema mara ngapi, na kasema nini.